Mafundisho ya Mwaka wa Kwanza: Kushika kwa Kichwa au Kufikiri?

Katika seminari zetu kubwa, mwaka wa kwanza wa filozofia waendeshwa mara nyingi kwa namna moja. Mwalimu aingia, asoma noti zake. Mafratri waandika katika kaye. Mwisho wa mwaka mwalimu auliza, nao wamrudishia maneno yale yale aliyowapa. Sisi wenyewe tulipita katika njia hiyo, na wengine kati yetu tumefundisha hivyo. Basi hatusemi kwa kuhukumu watu. Twataka kupima kazi.

Siku moja, katika mtihani, tulimsikia fratri akieleza substansia na aksidenti: ya kwanza yakaa ndani yake yenyewe, ya pili yakaa ndani ya kitu kingine. Hakukosa neno hata moja. Ndipo alipoulizwa: «Mpini wa jembe la mama yako ulivunjika, akatia mpya, kisha chuma kikaisha, akatia chuma kipya. Je, ni jembe lile lile?» Akanyamaza. Si kwamba hana akili. Hakuna aliyemwonyesha kwamba maneno ya kaye yahusu jembe la mama yake.

Wengine watatujibu: «Sisi twamfuata Mtakatifu Tomaso wa Aquino, njia yetu ni njema.» Haya, tumtazame mwenyewe. Katika dibaji ya Summa yake kubwa, aliyoianza karibu na mwaka 1265, asema kwamba awaandikia wanaoanza. Tena alaumu vitabu vya siku zake: maswali mengi yasiyo na faida, mafundisho yasiyofuata utaratibu wa elimu yenyewe, na kurudiarudia kunakochosha wasikilizaji. Na kila artikulo yaanza namna gani? Haianzi kwa jibu. Yaanza kwa swali, zafuata sababu za wanaopinga, kisha ndipo aleta jibu lake. Hata anapouliza kama Mungu yuko, kwanza awaachia nafasi wale wasemao kwamba mabaya ya dunia yaonyesha kuwa hayuko. Mwanafunzi aonja uzito wa swali kabla ya kupewa jibu.

Noti zetu zimegeuza utaratibu huo. Jibu limewekwa mbele, likaitwa teze. Wapinzani wamepewa mistari miwili, kusudi washindwe upesi. Jibu ni la Tomaso, lakini njia si yake. Yeye mwenyewe, akijibu maswali ya watu huko Paris mwaka 1271, alisema kwamba mwalimu akimaliza shauri kwa kutaja tu maneno ya wakubwa, msikilizaji atajua kweli kuwa ni hivyo, lakini hatapata elimu. Atakwenda zake mtupu. Mahali pengine amfananisha mwalimu na mganga: dawa yasaidia, lakini mwili wenyewe ndio unaopona. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ndiyo inayojifunza.

Hatudharau kushika kwa kichwa, hata kidogo. Vitabu ni vichache, na katekista asiyejua sala na katekisimu atafundisha nini? Wazee wetu walishika mithali nyingi. Lakini mzee hakusifiwa kwa kuzihesabu. Alisifiwa kwa kuitoa ile inayofaa, siku ya shauri lenyewe. Huko ndiko noti zetu zinakopungukiwa: zajaza ghala, hazifundishi kupika.

Twaomba mambo matatu tu. Kwanza, mwalimu alete swali leo, jibu alitoe kesho, na usiku huo kila fratri aandike mistari kumi ya mawazo yake mwenyewe, hata kama yana makosa. Pili, kila fundisho lielezwe tena katika lugha ya nyumbani, pamoja na mfano ambao mwalimu hakuutoa. Asiyeweza kueleza «sababu» kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake, bado hajaielewa kwa Kifaransa. Tatu, katika mtihani liwemo swali moja lisilo katika kaye. Ikiwa muda hautoshi, mada zipunguzwe. Mtaguso, katika hati yake ya tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya mapadri, umetaka namna yenyewe ya kufundisha iamshe upendo wa kutafuta ukweli, tena umeonya juu ya kuzidisha masomo.

Asiseme mtu kwamba wanaoanza hawawezi. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa nyakati hizi katika Kongo yetu, alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917. Lakini maandiko yake juu ya mawazo na tabia za Wabantu yalitokea katika gazeti tangu mwaka 1910, alipokuwa bado mseminari. Hakuyakuta katika noti za mtu. Aliwatazama watu wake, akafikiri.

Ndugu walimu, siku yaja fratri huyu atakapokuwa peke yake katika misioni ya mbali. Mjane atamwuliza: «Padri, mume wangu alikufa bila ubatizo, naye alikuwa mtu mwema. Yuko wapi?» Swali hilo halina ukurasa katika kaye. Tumzoeshe tangu mwaka wa kwanza kukaa mbele ya swali bila kukimbia, kusudi mama yule asirudi kwake mtupu.