Sauti ya Pili: Dhima ya Mwitikiaji katika Redio za Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kumtazama fanani kuwa mtu mmoja mbele ya hadhira yake. Mazoea hayo yamehamia redioni: mtangazaji mkuu ndiye hutajwa na kuchambuliwa, ilhali mwenziwe anayedakia, anayecheka na kuuliza huachwa kando kama pambo. Kwa msikilizaji wa Uvira, tangu Songo hadi mpakani Kavimvira, ambako mawimbi ya Bujumbura huvuka bila ya pasipoti, kosa hilo si dogo.

Sauti ya pili ina asili kongwe mashariki mwa Kongo. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliorekodiwa kwa Shekarisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, haukutambwa na mtu mmoja. Kwa siku 12 Rureke aliimba, akasimulia na kucheza, huku vijana wapiga vijiti wakimwitikia. Mwitikiaji wa namna hiyo hushika ridhaa ya hadhira. Ndiyo maana "Paukwa" haina maana pasipo "Pakawa". Na mwenye kutoa ridhaa, angalau kwa kanuni, aweza pia kuinyima.

Historia ya redio katika Maziwa Makuu yaonyesha gharama ya ridhaa isiyonyimwa kamwe. RTLM, iliyoanza kutangaza Kigali Julai 1993, haikuvuta watu kwa hotuba. Iliwavuta kwa muziki, utani na vicheko vya watangazaji walioongea kama marafiki kilabuni. Penye mazungumzo ya aina hiyo chuki haihitaji hoja; yatosha kuitikiwa. Hata Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyetangaza kwa Kifaransa, anaweza kusomwa kama mwitikiaji: sauti ya mgeni ilisikika kama ushahidi wa mtu wa nje. Mwaka 2000 alikiri makosa yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa huko Arusha, akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground, ilitumia umbo lile lile la watu wawili kwa dhima iliyo kinyume. Mwandishi Mhutu na mwandishi Mtutsi walitumwa pamoja kufuatilia habari moja, na kila mmoja akawa kizuizi cha mwenziwe. Mbinu hiyo yastahili sifa, lakini ina udhaifu wake. Msikilizaji huweza kuhesabu makabila ya wasemaji badala ya kupima wanachosema, na uwili ukabaki mizani tu. Tamthilia ya studio hiyo, *Umubanyi Niwe Muryango*, iliyoandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kuanza kusikika mwaka 1997, iliukwepa mtego huo kwa ustadi zaidi. Familia jirani, ya Kihutu na ya Kitutsi, ziligombana na kupatana kama majirani, si kama wajumbe wa mkutano.

Upande wa Kongo suala la lugha huongeza uzito. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, ilichagua Kifaransa pamoja na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Hata hivyo Kiswahili cha taarifa sicho cha sokoni Mulongwe, na mara nyingi ni sauti ya pili inayoweza kuziba pengo hilo. Hatari ni kumfanya mwenye sauti hiyo mchekeshaji, kana kwamba lugha ya wananchi haifai ila kwa mzaha. (Vipindi vingi vya asubuhi, si vya Kongo pekee, vimeangukia hapo.)

Kipimo cha mhakiki basi kisiwe wingi wa vicheko. Mtangazaji asemapo kuwa barabara ya bonde la Ruzizi imefungwa, naye mwenziwe akajibu "poleni sana", habari imekwisha. Akiuliza imefungwa na nani, na wenye mihogo yao wapitie wapi, kipindi ndipo kinaanza.