Stelingi Inasingiziwa

Dereva akilalamika kwamba gari "inatembea barabara nzima", fundi mwenye haraka hufungua boneti, akatafuta skrubu ya boksi la stelingi na kuikaza robo mzunguko. Gari hutulia kwa muda, kisha usukani huanza kugoma kurudi wenyewe baada ya kona. Meno ya ndani ya boksi hulika zaidi pale katikati, kwa sababu gari hushinda likienda moja kwa moja. Ukiyakaza mpaka katikati pasipwaye, pembeni yatabana. Kazi iliyofanywa katika gereji moja ya Morogoro kwenye pikapu ya zamani ya Land Cruiser HZJ75 inafaa kuchambuliwa kwa sababu hiyo: malalamiko yalikuwa hayohayo, lakini skrubu ile haikuguswa.

Fundi alianzia chini. Aliinua mbele kwa jeki, akaegemeza gari kwenye stendi, akashika tairi juu na chini na kulitikisa. Lilicheza. Msaidizi akakanyaga breki, tairi likatikiswa tena, na mchezo ukatoweka. Breki ikishika diski, habu haiwezi kuyumba kwenye beringi zake. Kama mchezo ungebaki, lawama zingehamia kingpini. Jaribio hilo halina gharama, na inashangaza jinsi linavyorukwa.

Habu ilipofunguliwa, grisi ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa kwa kuchanganyika na maji. Maji hayo huingia hivi: gari linatoka safari ndefu, habu zina moto, linatumbukia mtoni. Hewa iliyo ndani ya habu inapoa ghafla, inasinyaa, na kuvuta maji yapite kwenye sili iliyochoka. Rola za beringi ya ndani zilikuwa na vidonda. Zikabadilishwa beringi zote mbili, ya ndani na ya nje, pamoja na vikombe vyake, maana kikombe cha zamani na rola mpya havielewani. Kila kikombe kipya kiligongwa kwa kuwekewa cha zamani juu yake, ili nyundo isiguse chuma kipya, mpaka mlio ukabadilika kuwa mzito na mkavu. Hapo kimekaa.

Kiini cha kazi nzima ni nati inayobana beringi hizo. Rola hizi zimechongwa mshazari, ubunifu ambao Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, aliupatia hataza mwaka 1898. Mshazari huo huziwezesha kubeba uzito wa gari na pia msukumo wa pembeni kwenye kona, ila kwa sharti moja: zibanwe kidogo. Zikilegea, tairi linayumba. Zikizidi kubanwa, zinaungua. Kwa spana ya boksi ya milimita 54, fundi alikaza nati kwa nguvu huku habu ikizungushwa mbele na nyuma ili rola zijipange, akailegeza, kisha akaikaza tena taratibu.

Mafundi wengi huishia hapo, wakiamini mkono wao. Huyu alichukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, akaitundika kwenye bolti ya gurudumu na kuvuta mpaka habu ikaanza kuzunguka. Kipimo kinachotakiwa ni kati ya kilo 2.8 na 5.6 hivi. Alipata 3. Akaweka washa ya kufungia, akakaza nati ya pili, akapima tena, na mizani ikasoma karibu 6! Nati ya pili huisukuma ya kwanza ndani kwa ule upwaya mdogo wa nyuzi, na hapo ndipo beringi nyingi mpya huuawa bila mtu kujua. Alirudi nyuma, akalegeza ya kwanza kidogo, akafunga upya mpaka akapata 4. Ndipo akakunja washa, upande mmoja ndani na mwingine nje.

Stelingi yenyewe ilihitaji usafi tu. Oili ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Hosi ya kurudishia ilichomolewa na kutumbukizwa kwenye chupa, injini ikiwa imezimwa na tairi zikiwa hewani, usukani ukazungushwa mwisho hadi mwisho mpaka oili nyeusi ikaisha. Kopo likasafishwa, hosi ikarudishwa, ikamiminwa Dexron III. Usukani ukazungushwa tena kabla ya kuwasha injini, kwa sababu pampu inayowashwa ikiwa na hewa hugeuza oili kuwa povu, na povu halisukumi kitu. Injini ilipowashwa, hakuna aliyeushikilia usukani mwishoni kabisa. Presha hupanda hapo mpaka oili ikachemka.

Dereva aliambiwa arudi baada ya wiki chache za kazi, mizani itundikwe tena. Vikombe vipya hujikalisha zaidi gari likipigwa na barabara, na zile kilo 4 zinaweza kushuka.