Mbio za Pekupeku

Maji yakikupwa, ufukwe wa Pangani hubaki na mchanga mpana, mbichi na mgumu, na kuna mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mkonge ambaye saa hizo hatulii nyumbani. Hukunja suruali hadi magotini, huziacha ndala chini ya mvinje, kisha huanza kukimbia bila haraka. Asubuhi moja nilimwacha atangulie, nikabaki nikizisoma nyayo zake. Vidole vyote vitano vilihesabika. Chini yake, sehemu ya mbele ya unyayo ilikuwa imezama sawasawa, na kisigino kimegusa tu, alama yake ikaanza kufutika kabla sijainuka. Hatua zilikuwa fupi na za karibukaribu. Pembeni yake zilikuwa alama za raba zangu: kisigino kimechimba shimo, vidole havionekani kabisa.

Aliporudi nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akaitazama miguu yangu. "Hivyo viatu vivue. Mchanga haumli mtu."

Nikavivua. Kwa miaka mingi nilikuwa nakimbia kama mtu anayemeza dawa, kwa sababu ya presha na kitambi, jicho likiwa kwenye saa. Asubuhi ile niliusikia ubaridi wa mchanga, mikunjo midogo iliyoachwa na mawimbi, na mahali ambapo kaa ametoka kuchimba. Kila hatua ilikuwa na habari yake. Vigimbi viliuma usiku kucha, na kulipopambazuka nilikuwa ufukweni tena, nikitabasamu peke yangu.

Huu ni ufundi, nao hukaa mguuni. Mguu wa binadamu una mifupa 26, na mtu akivaa soli nene karibu yote hulala usingizi. Akiwa peku, ni vigumu kutupa kisigino mbele na kukigonga chini kwa nguvu, kwa kuwa maumivu humkanya papo hapo. Mara nyingi atakunja magoti, atafupisha hatua na kutua kwa mbele ya unyayo, kisigino kifuate taratibu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliandika hayo katika jarida la Nature, baada ya kuwapima wakimbiaji wa Marekani na wale wa Bonde la Ufa, Kenya, waliokua bila viatu. Nimefurahi kwamba yamepimwa, lakini mwalimu wetu wa michezo wa shule ya msingi aliyajua bila kipimo chochote.

Mwalimu huyo alikuwa akisimamia mchakamchaka kabla jua halijatoka. Waliosoma shule za msingi Tanzania enzi zile hawahitaji kuelezwa: viranja mbele, wadogo nyuma, umande kwenye majani, wimbo unatolewa na kuitikiwa, barabara ya udongo mwekundu ikinyooka kuelekea mashambani. Waliokuwa na viatu walivibeba mkononi ili visilike. Mwalimu alisimama kwenye kona ya njia, akafumba macho, akasikiliza. Nyayo mia zikipita pamoja juu ya vumbi hutoa sauti moja, laini na nzito, na ndani ya sauti hiyo alimtambua anayekosea. "Wewe wa nyuma, unaipiga ardhi! Imekukosea nini?" Anayekanyaga vizuri hakusikika kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Tulikimbia tukijaribu kutosikika. Mpaka leo sijapata somo lingine lililonifundisha wepesi kiasi kile.

Sisemi haya kuusifu ufukara. Wengi wetu tulikuwa peku kwa sababu hapakuwa na kiatu, na tulioyajua mateso ya funza na mbigili hatuwezi kuutamani umaskini ule urudi. Lakini katika kuukimbia ufukara tuliutupa na ufundi uliokuwa ndani yake.

Waliokuja na ufundi huo ulimwengu uliwaona. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony wa Kenya waliingia uwanja wa White City, London, miguu mitupu, na Nyandika akamaliza wa tatu katika mbio za maili tatu. Tarehe 10 Septemba 1960, jijini Roma, Abebe Bikila, askari wa kikosi cha ulinzi cha mfalme wa Ethiopia, alikimbia marathoni ya Olimpiki bila viatu, juu ya lami na mawe ya barabara ya kale ya Appia, usiku, njia ikimulikwa kwa mienge. Viatu alivyopewa havikumkaa. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena, kwa kasi zaidi. Wako wanaoutumia ushindi huo wa pili kuubeza ule wa kwanza. Mimi naona kiatu cha Tokyo kilivalishwa mguu uliokwisha kufundishwa na ardhi.

Mguu wa kwetu leo unafundishwa na nani? Mtoto wa mjini anavalishwa soli nene kabla hajajua kutembea, na anapandishwa basi la shule mlangoni. Mchakamchaka siusikii tena kama zamani. Viwanja vimemegwa kujengwa fremu za maduka, na kipande kilichobaki kina chupa zilizovunjika, misumari na nyembe zilizotupwa na watu wazima. Mama akimkataza mwanawe kuvua viatu hapo, ana haki. Hata Pangani, mzee yule hukimbia akiwa na mfuko wa plastiki mkononi, akiokota vioo njiani.

Walimu wakuu na kamati za shule, nawaomba. Kabla hamjaipangisha ile pembe ya mwisho ya kiwanja, iacheni. Watoto waokote vioo Jumamosi moja, wapande nyasi, kisha waruhusiwe kuvua viatu na kukimbia. Haihitaji mfadhili wala bajeti, na wazee wanaoweza kuwaelekeza bado wapo.