Tumbo la Land Rover

Tumbo la injini ni yale yote yaliyo chini ya pistoni: krenki, beringi zake, konirodi, pampu ya oili na sampu inayoyafunika. Abiria halioni kamwe, na mwenye gari hulikumbuka siku linapoanza kugonga. Land Rover za zamani, ambazo kwa miaka mingi zilibeba mabwana shamba na askari wa wanyamapori kwenye barabara za Bariadi, Maswa na Meatu, zilikuwa na injini ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka kiwandani kuanzia mwaka 1958. Krenki yake ilishikiliwa na beringi kubwa 3 tu. Za 5 zilikuja mwaka 1980. Hata hizo 3 zilitosha, mradi oili ibadilishwe kwa wakati na bakuli la chujio la hewa lisiachwe likajaa tope la vumbi.

Kazi huanza kwa sikio. Fundi stadi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku, akaegemeza sikio kwenye mpini. Beringi kubwa zikilika, hunguruma kwa sauti nzito ya chini, inayozidi gari likiwa na mzigo. Beringi ya konirodi hugonga kwa ukavu zaidi, na kugonga kwake hupoa waya wa plagi ya silinda ileile ukichomolewa. Basi fundi huchomoa waya mmoja baada ya mwingine, kimya, kama mama anayebonyeza tumbo la mtoto anayelia.

Sikio hilo halikufundishwa kwa maneno. Kijana wa gereji alilipata kwa kuosha vyuma kwa dizeli miaka miwili mitatu, akimsikia mzee akitaja ugonjwa kabla bolti moja haijalegezwa. Sampu ikifunguliwa, beringi iliyotajwa ndiyo iliyokutwa imechubuka hadi shaba. Mtu akishaona hivyo mara kumi, huanza kusikia na yeye.

Injini ikishushwa, kila kifuniko cha beringi hutiwa alama kabla ya kutolewa. Vifuniko hivyo vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloku yake, kwa hiyo kila kimoja lazima kirudi mahali pake na upande wake. Kisha hupimwa shingo za krenki, yaani sehemu zake zinazozunguka ndani ya beringi, kwa maikromita, kila moja pande mbili zinazokingamana, maana shingo iliyolika huwa na umbo la yai. Kulika kukizidi kiasi, krenki husagwa, na beringi nene zaidi hununuliwa: ya inchi 0.010, ambayo mafundi huiita teni, kisha twenti, theti na foti. Baada ya foti hakuna tena nyama ya kusaga.

Kinachotafutwa katika vipimo hivi vyote ni mwanya kati ya shingo na beringi. Kwa shingo ya inchi 2.5, mwanya huo ni takriban milimita 0.06, sawa na unene wa unywele. Humo ndimo oili hupita, nayo ndiyo inayoibeba krenki, kwani injini ikiwa nzima chuma hakigusi chuma, huelea. Ukibana mno, oili haipiti; ukilegea, presha hushuka. Ndiyo sababu matundu ya oili ndani ya krenki husuguliwa na kupulizwa mpaka unga wa msasa uishe, na krenki huzungushwa kwa mkono kila kifuniko kinapokazwa. Ikigoma baada ya kifuniko cha pili, kosa liko hapo, na hufunguliwa upya bila kunung'unika.

Usukuma, ziliko Bariadi, Maswa na Meatu, uliwahi kuwa na mazingira ya kulea mafundi wa namna hii. Pamba ilihitaji malori na mashine za kuichambua, na vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya Paul Bomani vilikuwa navyo vyote viwili. Vyama vikuu vilifutwa mwaka 1976. Mkoa wa Simiyu, wenye wilaya hizo, ulipozaliwa mwaka 2012, Land Rover nyingi za enzi ile zilikuwa zimekwisha kuwa vizimba vya kuku.

Leo injini ikigonga, hushushwa ikatupwa, ikaletwa nyingine ya mtumba ambayo hakuna aliyeifungua. Wapo hata wanaoweka karatasi ya pakiti ya sigara nyuma ya beringi ili kelele ipungue mpaka gari liuzwe. Wengine humimina silikoni ya kuziba kwenye kingo za sampu bila kipimo. Vipande vyake hukatika na kuziba chujio la pampu, na krenki iliyosagwa kwa gharama hufa kwa kiu. Hilo si kosa la umaskini, kwa sababu kupaka silikoni kidogo ni rahisi kuliko kupaka nyingi.

Mwenye Land Rover kuukuu hapo Bariadi asiiuze kwa kilo. Kwanza amtafute fundi mwenye maikromita, aishushe sampu, apime shingo za krenki. Huenda hata teni haijafikiwa.