Faida Haikutoka Kwenye Printa

Nozeli ya mafuta katika injini ya ndege hutosha kiganjani, lakini kazi yake ni nzito: kupulizia mafuta kwa kipimo kwenye chumba cha mwako chenye joto kali. Kwa injini ya LEAP, inayoundwa na General Electric (GE) pamoja na Safran ya Ufaransa, wahandisi walitaka njia za ndani zilizopindapinda mno. Kwa utaratibu wa zamani, ncha ya nozeli hiyo ingehitaji vipande 20 hivi, kisha viunganishwe kimoja kimoja.

Wakageukia uchapaji wa 3D. Unga wa aloi ya kobalti na kromu hutandazwa tabaka jembamba, leza huyeyusha panapotakiwa tu, kisha hutandazwa tabaka jingine juu yake. Ncha ikatoka kipande kimoja, nyepesi kwa asilimia 25 na yenye kudumu mara 5 zaidi ya ile ya awali.

Lakini printa huuzwa sokoni, na mshindani naye hununua. Faida ya GE ilitoka kwenye maamuzi matatu. Kwanza, hawakuchapa umbo la zamani, walichora upya. Kila kiungo kilichoondolewa kilipunguza mahali pa kupasuka, hatua ya ukaguzi na kipuri cha kusubiriwa. Pili, walinunua ujuzi: mwaka 2012 waliichukua Morris Technologies, karakana ya Cincinnati iliyobobea katika uchapaji wa chuma, na mwaka 2016 wakapata hisa za kuwapa mamlaka katika watengenezaji wa printa, Arcam ya Sweden na Concept Laser ya Ujerumani. Tatu, walichagua kifaa kinachofaa: kidogo, ghali, chenye umbo gumu na kinachohitajika kwa wingi. Kufikia 2018, kiwanda cha Auburn, Alabama, kilikuwa kimechapa ncha 30,000.

Leo abiria wa Boeing 737 MAX ya Air Tanzania husafiri kwa injini za LEAP. Kwa hiyo, mwenye karakana anayetamani printa asianze na bei yake. Parafujo na bomba lililonyooka viachiwe mashine ya kukereza, maana kuvitengeneza huko ni rahisi. Atafute kwanza kile kifaa chenye viungo vingi kinachomsumbua kila mwezi, akichore upya, ndipo aagize mashine.