Mpiganaji, Mla Kiapo au Mshenzi? Kuchagua wa Kukaa Mbele katika Dungeons & Dragons

Kwenye meza yetu pale Sinza tuko watano, na kila tunapoanza kisa kipya swali la kwanza ni lile lile: nani atakaa mbele? Yaani nani atashika upanga na kupigwa wa kwanza, wakati mchawi wetu amejibanza nyuma ya mti anatafuta maneno yake. Kwa ambao hawajaucheza, Dungeons & Dragons ni mchezo wa kusimuliana hadithi mezani. Mmoja anaendesha, wengine kila mtu anabeba mhusika wake, na dadu zinaamua pale ambapo hakuna mwenye uhakika wa litakalotokea. Kabla ya yote unachagua klasi, yaani aina ya mhusika. Kwa mapigano ya karibu, wanaogombaniwa zaidi kwetu ni watatu: Fighter, Paladin na Barbarian.

Ushauri mwingi utakaopewa kuhusu uchaguzi huu ni hesabu. Nani anaumiza zaidi kwa raundi moja, nani ana uhai mwingi. Hesabu zina kazi yake, lakini nimeona watu wakichagua kwa hesabu halafu kufika kikao cha sita wanachezea simu. Mimi napendekeza tukisome kitabu cha sheria kama tunavyosoma riwaya, tuulize: huyu mtu ananyimwa nini? Hadithi inaanza pale mtu anapotaka kitu na sharti linamzuia.

Tuanze na Fighter. Mchezo ulipotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, klasi zilikuwa tatu tu, na yeye alikuwa mmojawapo. Sisi tunamwita mpiganaji. Anavaa deraya yoyote, anatumia silaha yoyote. Kuanzia ngazi ya 2 anaweza kujiongezea tendo zima katika zamu yake, na mashambulizi yake yanapanda: mawili ngazi ya 5, matatu ngazi ya 11, manne ngazi ya 20. Hana mungu anayemdai wala hasira ya kuichunga. Anachonyimwa ni kisa. Kitabu hakisemi kwa nini anapigana, na mchezaji asipolisema, hakuna atakayelisema. Ndiyo maana kumpa mgeni mpiganaji eti kwa sababu ni rahisi ni nusu ya ukweli. Sheria zake ni rahisi, ila kumfanya awe mtu ni kazi yako mwenyewe. Niliwahi kumcheza mwaka mzima. Alikuwa askari wa kukodiwa, alishinda karibu kila pambano, na leo ukiniuliza alikuwa anataka nini maishani, sina jibu. Kosa halikuwa la klasi.

Paladin aliingia mwaka 1975, kwenye kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk. Nyuma yake wako mashujaa wa mfalme Charlemagne katika visa vya kale vya Ufaransa, pamoja na riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions. Sisi tunamwita mla kiapo. Sheria za mwaka 1978 zilimbana kweli kweli: lazima awe binadamu, lazima awe mwema na mfuata sheria, atoe fungu la kumi la mapato yake, asirundike mali, na akitenda uovu kwa kujua, hadhi imekwenda na hairudi. Toleo la 2014 limelegeza. Kiapo kinachaguliwa ngazi ya 3, na kimojawapo ni cha kisasi.

Kwa kubanwa huko anapewa mengi. Anaponya kwa kuwekea mikono, pigo lake linabeba nuru inayowachoma zaidi mizuka, na kuanzia ngazi ya 6 wenzake walio karibu naye wanapata kinga dhidi ya uchawi na sumu. Ila hebu angalia umbali wa kinga hiyo: mwanzoni ni kama mita 3 tu. Akitaka kuwakinga wenzake, inabidi asimame nao. Hapo sheria moja ndogo imemwandika mtu mzima. Anachonyimwa ni uhuru wa kusema "sikuahidi". Aliyemchagua kwa ajili ya lile pigo tu atakereka siku mwendesha mchezo akimletea adui aliyetupa silaha na kupiga magoti. Aliyemchagua kwa ajili ya kiapo, mchezo wake unaanza siku hiyo.

Sasa Barbarian, na hapa ndipo meza yetu ilipokwama.

Kwa sheria, huyu ndiye mgumu kuliko wote. Dadu yake ya uhai ina pande 12, wenzake wawili 10. Akipandisha hasira anaumia nusu tu kwa mapigo ya kawaida ya silaha, na nguvu zake zinaongezeka. Watu wanamwona mtu wa fujo, lakini soma vizuri. Kwa toleo la 2014, katika ngazi ya 1 ana hasira mbili tu mpaka alale usiku mzima. Akiwa ndani ya hasira hawezi kutamka uchawi wowote. Kwa toleo hilo hilo la 2014, asiposhambulia wala kuumizwa mpaka mwisho wa zamu yake, inazimika. Huyu ni mtu ambaye hasira yake imehesabiwa, na kila mara inabidi aamue kama jambo lililo mbele yake linastahili.

Tulikwama kwenye jina. Tunacheza kwa Kiswahili, na siku ya kwanza rafiki yetu mmoja alitafsiri papo hapo: "Huyu si mshenzi tu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mshenzi ni neno la pwani. Waungwana wa miji ya pwani waliwaita hivyo watu wa bara, na enzi za biashara ya watumwa jina hilo lilifanya iwe rahisi zaidi kumkamata mtu na kumuuza. Bibi yangu mzaa mama alitoka bara akaolewa pwani. Mpaka anazeeka hakula mbele ya majirani. Chakula kikiletwa kwenye shughuli, atasema ameshiba, kisha atakula jikoni, peke yake. Ujana wake kuna mtu alimwambia anakula kama washenzi.

Kwa hiyo nina ugomvi na waandishi wa kitabu. Toleo la 2014 lilimweleza Barbarian kama mtu anayekosa raha katikati ya kuta na umati, yaani mtu aliyeelezwa kutoka ndani ya kuta. Toleo la 2024 limejitahidi: hasira yake sasa ni nguvu ya asili, na kitabu hicho hicho kimeacha kuwaita watu wa aina mbalimbali kwa neno lenye maana ya mbari. Lakini jina Barbarian limebaki, kana kwamba halijawahi kumuuma mtu. Inashangaza zaidi ukikumbuka Conan wa Robert E. Howard, ambaye klasi hii inamdai mengi. Katika kisa chake cha kwanza kuchapishwa, Desemba 1932, Conan ni mfalme tayari. Anatawala wale wale wanaomwona mshenzi.

Wenzangu, baada ya kuwasimulia habari za bibi, walipendekeza tubadilishe: shujaa wa nyika, mtu wa pori. Nikakataa. Ukilifuta neno, umefuta na waliolisema. Nikamchukua mimi, kwa jina hilo hilo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya mchezo huu nilijua mhusika wangu ananyimwa nini kabla hata ya kurusha dadu.

Ukiniuliza uchague yupi basi, nitakujibu hivi. Mchukue mpiganaji kama tayari una kisa chako na hutaki kitabu kikuingilie. Mchukue mla kiapo kama uko tayari kuhukumiwa kwa neno lako mwenyewe, na zungumza na mwendesha mchezo mapema adhabu ya kukivunja itakuwa nini. Mchukue mshenzi kama unataka kujua hasira yako inatosha mambo mangapi.

Wangu alifika lango la mji kikao cha tatu. Mlinzi akamtazama miguu, akalitamka neno. Nilikuwa nimebakiwa na hasira moja, na wenzangu wote wakanigeukia. Nikauliza kama kuna mahali hapo mjini wanauza chakula. Tukaingia, akaagiza sahani kubwa, akakaa meza ya katikati, akala.