Herufi za Zapfino na Kadi za Arusi

Herufi za chapa ziitwazo Zapfino ni nzuri, wala hatusemi hivyo ili kumpendeza mtu. Mtungaji wake ni Hermann Zapf, Mjerumani wa Nürnberg, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2015. Huyu alijifundisha mwenyewe kuandika kwa kalamu, kwa kuvisoma vitabu vya mabingwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari mchora ramani, na katika daftari yake ya mwaka 1944 aliandika ukurasa mmoja kwa hati nyembamba yenye mikia mirefu. Hati ile ndiyo asili ya Zapfino, iliyotolewa na kampuni ya Linotype mwaka 1998.

Mbona miaka ilipita 50 na zaidi? Sababu ni risasi. Katika uchapaji wa zamani kila herufi ilisimama juu ya kipande chake cha risasi, na mkia wake haukuweza kutanda upendavyo juu ya jirani zake. Kompyuta haina kipande. Mkia wa f waweza kupita chini ya herufi zinazofuata bila kuzuiwa. Tena herufi moja ina sura kadhaa, na kompyuta yaweza kuchagua sura kwa kuwatazama jirani, kwa kuwa mtu aandikaye kwa mkono haandiki a mbili zilizo sawasawa kabisa. Hapo ndipo penye mchezo wake. Herufi hizi hucheza, lakini hucheza kwa adabu, kama mchezaji aijuaye ngoma.

Walakini kampuni ya Apple ilizitia katika kompyuta zake, na kitu kipatikanacho kwa urahisi hutumiwa ovyo. Katika kadi za arusi za miji yetu twaona hati hii na ndugu zake zikipewa kazi isiyo yao. Majina ya bwana na bibi arusi, vema. Hapo mikia ina nafasi ya kucheza. Bali mpiga chapa haishii hapo, huandika kadi nzima. Mikia ya mstari wa juu hushuka ikakata vichwa vya mstari wa chini, na mzee aliyetoka shamba huishika kadi mbali na macho yake asijue kama ameitwa saa tatu au saa nane. Akikosea, ameikosa ndoa ya mjukuu wake.

Mabaya zaidi ni herufi kubwa tupu. Kila moja imefanywa iongoze herufi ndogo. Ukiziandika pamoja MWALIKO, utakuwa na majumbe saba katika baraza moja, kila mmoja ataka kusema kwanza.

Sisi tungeipa Zapfino majina mawili, labda na neno moja la kukaribisha, yenye nafasi pana juu na chini. Siku, saa na mahali vichapwe kwa herufi zilizosimama wima. Na nambari ya simu tusiione kabisa katika hati ile.